Daktari mtarajiwa amekariri, lakini je, anajua kuupima ushahidi?

Na Mwandishi Wetu

TUANZE na hesabu moja ndogo. Upo ugonjwa unaompata mtu mmoja katika kila watu 1,000. Kipo pia kipimo cha ugonjwa huo, kipimo kizuri ambacho hakimkosi mgonjwa hata mmoja, isipokuwa kina kasoro moja: katika kila watu 100 wasio na ugonjwa, watano huambiwa kimakosa kuwa wanao. Sasa achukuliwe mtu yeyote wa mtaani, asiye na dalili yoyote, apimwe, na majibu yaseme anao. Je, uwezekano kwamba mtu huyo anaumwa kweli ni asilimia ngapi?

Swali hili liliulizwa kwa watu 60 katika hospitali nne za kufundishia za Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Hawakuwa watu wa mtaani. Theluthi yao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari, theluthi madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo, na theluthi madaktari wenye uzoefu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la New England Journal of Medicine. Waliopata jibu sahihi ni 11 tu. Jibu lililotolewa na wengi zaidi lilikuwa asilimia 95.

Jibu sahihi ni kama asilimia mbili. Msomaji anaweza kulihakiki mwenyewe bila kikokotoo. Kati ya watu 1,000, mgonjwa ni mmoja, na kipimo kitamwona. Waliobaki ni 999 wasio na ugonjwa, na asilimia tano yao ni karibu watu 50, ambao nao wataambiwa wanaumwa. Jumla wenye majibu ya kuumwa ni 51, na mwenye ugonjwa ndani yao ni yule mmoja.

Swali hilohilo lilirudiwa Boston, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014, yaani miaka 36 baadaye. Safari hii walioulizwa walikuwa 61. Waliopatia walikuwa 14.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya Wamarekani na mafumbo yao ya hesabu. La hasha. Hapa kwetu ni nani hajawahi kwenda kupima homa akarudi na karatasi inayosema ana wadudu wawili kwenye damu? Mwaka 2004 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwa wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa mahututi na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa kwa uangalifu wa kitafiti, waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, yaani asilimia 46.

Hao wengine, zaidi ya nusu, walikuwa wakiugua kitu kingine huku wakitibiwa malaria. Na hapo ndipo palipo na uchungu wa jambo lenyewe. Miongoni mwa waliokuwa na vimelea, asilimia 6.9 walifariki. Miongoni mwa wasiokuwa navyo, waliofariki ni asilimia 12.1.

Kwa hiyo, swali la kama mwanafunzi wa udaktari anajua kusoma majibu ya kipimo, au anajua kutofautisha utafiti wa kweli na uvumi uliovaa koti jeupe, halihusu wahadhiri na karatasi zao za mitihani peke yao. Linamhusu kila atakayelala kitandani wodini. Na hapa ndipo tunapokutana na taaluma ambayo kwa Kiswahili inaitwa tiba inayozingatia ushahidi.

Jina hilo si la kale. Lilianza kuonekana katika maandishi mwaka 1991, likiandikwa na Dk. Gordon Guyatt wa Chuo Kikuu cha McMaster, katika mji wa Hamilton nchini Canada, na mwaka uliofuata likatangazwa kwa upana na kikundi cha wenzake katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Mwalimu wao mkubwa alikuwa Dk. David Sackett. Nyuma yao alikuwepo daktari wa Uingereza, Archie Cochrane, aliyeandika kitabu mwaka 1972 akilalamika kwamba tiba nyingi zinazotolewa hazijawahi kuthibitishwa kama zinasaidia. Mwaka 1993 mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba ulianzishwa, ukapewa jina lake.

Zipo dhana potofu kuhusu jambo hili, na hata madaktari wengine huzirudia. Wapo wanaodhani kwamba kuzingatia ushahidi ni kumtibu mgonjwa kwa takwimu na kuutupa uzoefu. Sackett na wenzake walilijibu hilo mwaka 1996 kwa kueleza kuwa mambo ni matatu na yanakwenda pamoja: ushahidi bora uliopo, utaalamu wa daktari mwenyewe, na matakwa ya mgonjwa. Daktari mwenye takwimu bila uzoefu ni hatari, na mwenye uzoefu bila takwimu ni hatari vilevile, ila huyu wa pili hugundulika kwa shida zaidi kwa sababu huwa na mvi.

Wanafunzi hufundishwa hatua tano. Kwanza kuligeuza tatizo la mgonjwa kuwa swali linaloweza kujibika. Pili kuutafuta ushahidi. Tatu kuupima kama unaaminika. Nne kuutumia kwa mgonjwa aliye mbele yako, na tano kujitathmini umefanyaje. Kuzitaja hatua hizi ni rahisi, na mwanafunzi yeyote anaweza kuzikariri usiku mmoja kabla ya mtihani. Kujua kama amezielewa ni kazi nyingine kabisa.

Tuchukue mfano ambao ungefaa kuwa swali la mtihani katika chuo chochote cha udaktari Afrika Mashariki, kwa kuwa ulizaliwa hapahapa.

Kwa miaka mingi, vitabu na miongozo vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofu, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo mbio, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Fikra yenyewe ina mantiki: mzunguko umelegea, jaza mishipa. Mwanafunzi aliyeandika hivyo alipewa alama zake zote.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 fikra hiyo ilipimwa katika hospitali sita: moja Kenya, huko Kilifi, nne za Uganda na moja ya Tanzania, Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga. Utafiti huo, uliojulikana kwa jina la FEAST na kuongozwa na Profesa Kathryn Maitland, uliwahusisha watoto 3,141 waliogawanywa katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa kwa haraka maji ya chumvi, la pili maji yenye albumini, na la tatu halikupewa maji ya haraka, bali maji ya kawaida ya kumtunza mgonjwa pamoja na matibabu mengine yote.

Ulikusudiwa kuwahusisha watoto wengi zaidi, lakini Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri usimamishwe. Ndani ya saa 48, waliofariki katika makundi mawili ya maji ya haraka walikuwa asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi lisilopewa walikuwa asilimia 7.3. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100 waliopewa tiba iliyoaminika kuwaokoa, watatu zaidi walipoteza maisha.

Lipo jambo moja katika utafiti huo ambalo mwandishi wa makala haya analiona kuwa somo kubwa kuliko takwimu zenyewe. Katika saa ya kwanza, watoto waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu kuliko wenzao, dalili za mshtuko zikipungua. Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona kwa macho yake tiba ikifanya kazi. Angeweza kufanya hivyo kwa miaka 30, akaapa mahakamani kwamba inasaidia, na asingekuwa anasema uongo. Kitanda kimoja hakina namna ya kumwonyesha wale watatu zaidi katika 100.

Sasa mwanafunzi aulizwe nini kuhusu utafiti huo? Mtahini mvivu atauliza mwaka uliochapishwa. Mtahini mzuri atauliza kwa nini watoto waligawanywa kwa bahati nasibu badala ya kila daktari kuamua nani apewe maji. Jibu linalotarajiwa ni kwamba kama madaktari wangeachiwa, wangewapa maji walio mahututi zaidi, na vifo vyao vingehesabiwa kuwa kosa la maji hata kama si hivyo. Bahati nasibu huyafanya makundi yafanane, ili tofauti itakayobaki iwe ni ya tiba.

Kisha angeuliza lile gumu: umeletewa mtoto wa miaka miwili aliyeharisha tangu juzi, macho yamezama, ngozi ukiifinya hairudi. Je, kwa sababu ya utafiti wa Muheza na Kilifi utamnyima maji? Atakayejibu ndiyo amefeli, na amefeli vibaya, maana watoto wenye kuharisha na kutapika hawakuwemo katika utafiti ule, wala wenye utapiamlo mkali na walioungua moto. Mtoto aliyepoteza maji anahitaji kurudishiwa maji. Kuujua utafiti ni jambo moja, na kumjua mgonjwa unayemhusu ni jambo la pili.

Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa kukariri, na ndiyo maana wataalamu wa elimu ya tiba walianza kutunga vipimo maalumu. Viwili vinatajwa zaidi kuliko vyote.

Cha kwanza kinaitwa Dodoso la Berlin, lililochapishwa mwaka 2002. Lina maswali 15 ya kuchagua jibu, kila swali likiegemea kisa cha mgonjwa. Watungaji wake waliwapa wataalamu wa fani hii, wakapata wastani wa 11.9. Waliwapa wanafunzi wa udaktari ambao hawakuwa wamefundishwa, wakapata 4.2. Kisha madaktari waliohudhuria kozi fupi wakapimwa kabla na baada, wakapanda kutoka 6.3 hadi 9.9. Hiyo ndiyo sifa ya kipimo kinachofaa: kimtenganishe ajuaye na asiyejua, na kione mabadiliko pale mtu anapofundishwa. Msomaji atambue pia kwamba hata wataalamu wenyewe hawakupata 15.

Cha pili ni mtihani wa Fresno, uliopewa jina la mji wa California ulikotungwa na kuchapishwa mwaka 2003. Huu hauna majibu ya kuchagua. Mwanafunzi anapewa visa viwili vya wagonjwa na kutakiwa aandike mwenyewe: ni swali gani utauliza, utatafuta wapi jibu, utatumia maneno gani kutafuta, ni utafiti wa aina gani unafaa, utajuaje kama unaaminika. Baadaye zinafuata hesabu. Alama za juu kabisa ni 212. Wataalamu walipata wastani wa 147.5 na wanaoanza 95.6.

Vipo vingine. Mwaka 2014 watafiti wa Australia na wenzao walitoa kipimo cha maswali 15 ya ndiyo au hapana. Na mapitio ya mwaka 2006 yalihesabu zana 104 tofauti za kupima elimu hii, wingi ambao kwa maoni ya mwandishi si wa kujivunia, kwani nyingi zilitumika mahali pamoja na hazikuhakikiwa ipasavyo.

Hesabu zinazoulizwa katika mitihani hii si ngumu, lakini zina mtego ambao na sisi waandishi wa habari hunaswa nao mara kwa mara. Mfano mzuri ni utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, uliolinganisha sindano ya artesunate na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliopewa artesunate asilimia 8.5.

Gazeti linaweza kuandika kuwa dawa mpya imepunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 22, na litakuwa limesema kweli, kwa sababu 2.4 ni zaidi ya asilimia 22 ya 10.9. Mwingine ataandika kuwa imepunguza vifo kwa asilimia 2.4, naye yuko sahihi. Mwanafunzi wa Fresno anatakiwa aende mbele zaidi, agawanye 100 kwa 2.4, aseme kwamba kwa kila watoto wapatao 42 wanaotibiwa kwa artesunate badala ya kwinini, mtoto mmoja zaidi anaokoka. Namba hiyo ya tatu ndiyo ambayo mganga mkuu wa wilaya anaweza kuipangia bajeti. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali mwaka 2011.

Lakini hata mtihani wa karatasi ukiwa bora namna gani, unapima kilichomo kichwani. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, George Miller, aliuchora umahiri wa daktari kama piramidi yenye ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha, anatenda. Berlin na Fresno zinafika ngazi ya pili. Ngazi ya tatu inahitaji mtihani wa vitendo wa vituo, ule ulioanzishwa huko Dundee, Scotland, katika miaka ya 1970, ambapo mwanafunzi huzunguka kituo hadi kituo kengele ikilia. Kituo kimoja kinaweza kuwa na mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa, aliyekuja na kijikaratasi cha dawa aliyoambiwa na jirani kuwa inatibu kisukari. Mtahini atakaa kimya kando akitazama: je, daktari huyu mtarajiwa atamdhihaki, atakubali yote, au atamweleza kwa lugha nyepesi ni ushahidi gani upo na upi haupo?

Swali hilo si la kubuni kwa nchi hii. Mwaka huohuo wa 2011 ambao matokeo ya FEAST yalichapishwa, maelfu kwa maelfu walipanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, kila mmoja akiwa amesikia ushuhuda wa mtu aliyepona. Ushuhuda una nguvu kuliko jedwali, na daktari asiyejua kueleza kwa nini shuhuda kumi hazilingani na kundi la kulinganishia hana la kumwambia mgonjwa wake.

Ngazi ya nne, kutenda, ndiyo ngumu kuliko zote kupima, kwa sababu mtu akijua anatazamwa hubadilika. Hata hivyo, lipo jambo linalojulikana kuhusu namna ya kumfikisha mwanafunzi huko. Mapitio ya tafiti 23 yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa somo likifundishwa darasani peke yake, maarifa huongezeka lakini ujuzi, mtazamo na tabia havibadiliki. Likifundishwa wodini, kando ya mgonjwa, vyote vinne hubadilika.

Kwa vyuo vyetu, vikwazo vya zamani vimepungua. Tangu mwaka 2002, mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani umeziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza mwaka 2011 kutumia mitaala inayolenga umahiri badala ya wingi wa yaliyokaririwa. Kenya imekuwa ikifundisha wanafunzi na madaktari wake tiba ya watoto kwa miongozo iliyojengwa juu ya tafiti zilizochambuliwa.

Kikwazo kilichobaki hakinunuliki kwa fedha, nacho ni adabu yetu. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayepita wodini nyuma ya daktari bingwa, akasikia agizo linalopingana na utafiti aliousoma jana usiku, atafanya nini? Amelelewa kutomkosoa mkubwa mbele za watu. Mtihani wa Fresno hauna kipengele cha hilo. Baadhi ya walimu wamepata njia ya kulizunguka: daktari bingwa mwenyewe, mwisho wa mzunguko, anamkabidhi mwanafunzi swali moja lililoibuka kwa mgonjwa, na kesho yake asubuhi mwanafunzi anarudi na jibu la dakika tano, akitaja ameutoa wapi ushahidi na una udhaifu gani. Anayekosoa hapo anakuwa ametumwa, na alama yake inaandikwa palepale.

Lipo pia suala la muda, ambalo wakuu wa idara hulitaja kabla ya mengine yote. Karatasi ya Fresno haisahihishwi kwa mashine. Msahihishaji akitumia dakika 15 kwa kila karatasi, darasa la wanafunzi 200 litamchukua saa 50, na huyo msahihishaji ni mtu yuleyule mwenye kliniki Jumatatu na chumba cha upasuaji Jumatano. Ndiyo maana vyuo vingi duniani hukimbilia maswali ya kuchagua.

Na wakati karatasi zikisubiri, majibu yenyewe hubadilika. Ilichukua hadi mwaka 2016, miaka mitano baada ya FEAST, kwa Shirika la Afya Duniani kutoa mwongozo mpya unaosema kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu ambao hawajafikia mshtuko wasipewe maji ya haraka, na waliofikia wapewe kidogo na kwa taratibu zaidi kuliko zamani. Mwanafunzi aliyehitimu mwaka 2010 kwa alama za juu katika somo la watoto alikwenda wilayani na jibu la zamani. Hakuna aliyemwita arudie mtihani.